Mwambie Mama Yako Mashine Inavuja

Ibighi, Tukuyu
14 Machi 1995

Kwa mjukuu wangu Ikupa Tuntufye,
Moshi.

Mchumba wangu,

Nakusalimu, na kama umelala usiamshwe kwa ajili ya salamu, zitakusubiri. Huku tu wazima kwa kadiri mvua inavyoturuhusu. Imeanza Novemba na haijaonyesha dalili ya kuchoka. Bibi yako Marietha, yaani dada yangu, alihamia kwangu baada ya msiba wa mke wangu, akasema amekuja kunitunza. Mpaka sasa ametunza kuku.

Habari ya kuzaliwa kwako niliipata kwa barua ya baba yako yenye mistari minne. Mstari wa tatu ulisema umepewa jina la marehemu bibi yako. Nilipoufikia nilivua miwani, nikaifuta, nikausoma upya. Jina la mke wangu ni jina la mke wangu. Kwa hiyo wewe ndiye mke mdogo, na barua za nyumba hii zitakuja kwako.

Kuna sababu nyingine ya kukuandikia wewe, nawe uielewe mapema. Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana, yaani mke wa mwanawe, hawaonani. Hawapiti mlango mmoja, hawali chumba kimoja, hawasemezani. Wakielekea kukutana njiani, mkamwana anaacha njia na kuingia migombani. Mimi ni mzee wa kanisa na mambo mengi ya zamani nimeyaacha, lakini hili sikulikuta katika orodha ya dhambi. Basi mama yako siwezi kumwandikia. Baba yako naweza, ila hajibu. Umebaki wewe, mwenye miezi mitatu.

Sasa shida yenyewe. Baba yako aliwahi kuniambia kwamba mama yako ni fundi wa pampu na mashine za kumenya kahawa. Mwambie mama yako mashine yangu inavuja.

Ni mashine ya kukamulia kahawa, ya nyumbani, aliyoniachia Mwitaliano mmoja mjenzi wa barabara niliyempikia miaka sita. Aliniachia kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejua kuitumia bila kuungua. Ina tangi dogo la maji, linachemka kwa umeme, umeme ukiwepo. Kahawa iliyosagwa unaishindilia katika kikombe cha chuma chenye mpini, unakifunga chini ya kichwa cha mashine, unavuta mkono wake mrefu kwenda chini, na inatoka kahawa kidogo, nyeusi, inayomtosha mtu mmoja mwenye akili timamu. Nimeinywa kila siku saa kumi na mbili asubuhi kwa miaka kumi na mitatu. Hata siku ya mazishi niliinywa.

Kati ya kichwa na kile kikombe kuna raba ya duara. Imekauka. Nikivuta mkono, kahawa inatokea pembeni na kunirukia kifuani. Mashati matatu yameshaharibika, moja likiwa la Jumapili. Nilikata kandambili nikatengeneza raba nyingine. Ilishika siku mbili, na kahawa ilikuwa na ladha ya kandambili. Zilikuwa za Marietha, jambo ambalo amelijua. Lusungu, fundi redio wa hapa Ibighi, aliitazama mashine kwa muda mrefu akanishauri nihamie kwenye chai, maana chai haina vipuri.

Raba ya zamani iko ndani ya bahasha. Baba yako asisumbuliwe.

Mimi babu yako,
Andrea Mwalukasa


Moshi
9 Aprili 1995

Babu yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia salama na ndiyo ya kwanza maishani mwangu. Mimi ni mzima, ninanyonya, ninalala mchana na kukesha na mama. Baba ni mzima, yuko Arusha kwenye kupima viwanja, hurudi Jumamosi akiwa na tope mpaka magotini. Mama naye ni mzima, na ndiye anayeshika kalamu kwa sababu mimi bado sijaweza. Anasema nikuombe radhi mapema akikosea. Kwao Marangu baba mkwe huletewa kiti na pombe ya mbege, na ukikaa kimya mbele yake watu huuliza unaumwa wapi. Hajazoea kuzungumza na mtu ambaye hazungumzi naye.

Bahasha ilipofunguliwa, raba niliiona mimi kwanza, nikaitia mdomoni. Mama aliniondolea, akaiosha, akaipima kwa kipimo chake cha kazini, kisha akanivika mkononi ili ninyamaze. Imekuwa bangili yangu, na mpaka leo nikivuliwa nalia.

Mama anasema upande mmoja ina unene wa milimita nane na upande wa pili sita. Maana yake umekuwa ukiukaza ule mpini kwa hasira. Amezunguka madukani. Tangu biashara iachiwe huria maduka ya vipuri yamejaa kila kitu, isipokuwa hicho unachokitafuta. Mwishowe amekata mbili mwenyewe kwenye raba ngumu ya pampu inayovumilia moto. Hizi hapa.

Maelekezo ya mama ni haya. Chomoa waya ukutani. Ngoja mashine ipoe kabisa, usiipime kwa mkono. Tafuta kitu chembamba uchokonoe raba iliyobaki, hata msumari mdogo unafaa, ila usikwaruze chuma. Futa taka zote zilizoganda humo ndani. Lowesha raba mpya kwa maji tu, babu, si mafuta ya taa wala grisi ya gari. Isukume taratibu kwa vidole gumba mpaka ikae sawa pande zote. Kisha ukaze mpini kwa upole, unavyomfungia mtoto kifungo.

Sasa mama ana jambo lake, naye ameandika na kufuta mara mbili. Huu ni mwaka wa tatu tangu aolewe, na hajawahi kukanyaga Tukuyu. Baba akikuuliza tuje lini unajibu kwamba kuna mvua. Baba anasema mzee hataki Mchaga nyumbani kwake, na ndiyo sababu hajibu barua zako. Mama hataki kusikia kwa baba, anataka kusikia kwako. Anataka mimi nijulikane kwetu, na yeye aingizwe nyumbani na shangazi na bibi kama wake wengine. Je, tuje?

Mjukuu wako,
Ikupa
(kwa mkono wa mama)


Ibighi, Tukuyu
2 Mei 1995

Mchumba wangu,

Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa raba. Huku wote hatujambo. Kuku mmoja wa Marietha amekufa, na mwenyewe amekuwa akinitazama kana kwamba nilihusika. Nimefurahi kwamba umevaa raba yangu. Bibi yako aliyekupa jina hakuwahi kuvaa bangili, alisema zinaingia kwenye unga.

Mwambie mama yako raba imekaa vizuri. Nilifuata maelekezo yote, nikatumia msumari, nikalowesha kwa maji. Pale alipoandika nisiipime kwa mkono, nilikuwa nimeshaipima. Kidole kinaendelea vizuri.

Hata hivyo limezuka jambo jingine. Juu ya ile raba kuna chujio la bati lenye matundu madogo, linalonyunyizia maji kwenye kahawa. Nina wasiwasi matundu yameziba. Mama yako aeleze jinsi ya kulisafisha, na kama halisafishiki, lipatikane jingine. Aeleze kwa kirefu. Mimi ni mpishi, si fundi, na maelezo mafupi hunichanganya.

Kuhusu lile la mwisho katika barua yako, barabara ya kushukia huku imeharibika sana upande wa Kiwira. Malori yamelala siku mbili.

Mimi babu yako,
Andrea


Moshi
11 Juni 1995

Babu yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Poleni kwa kuku. Mimi nimeota jino moja la chini na nimeshamng'ata baba, ambaye alisema nimefanana na ukoo fulani bila kuutaja. Ameiona bahasha yako mezani akauliza ni ya nani. Mama akamwonyesha jina langu. Aliishika, akaigeuza, akairudisha palepale. Lakini hakutoka nje kama siku zote.

Chujio hili hapa. Mama amelitoboa mwenyewe kwa kuwa la dukani halikupatikana, matundu sitini na moja. Lile la zamani usilitupe. Lilaze katika maji ya limau tangu asubuhi mpaka jioni, kisha ulisugue kwa mswaki usiotumika, nawe uhakikishe hautatumika tena. Ila mama ameshangaa kidogo. Maji ya Tukuyu ni ya mlimani, hayana chumvi, na kwa kawaida hayazibi kitu. Anauliza kama una hakika.

Umesema ueleweshwe kwa kirefu, basi mama anakueleza na mengine. Msimu unakaribia, na karakana yao imejaa mashine za kumenya kahawa kutoka kila kijiji. Wiki iliyopita mzee mmoja alileta ya kwake amefungia kitambaa chekundu, akisema jirani ameiloga, inasaga na kutoa sauti ya mtu. Mafundi wanaume hawakutaka kuigusa. Mama aliifungua, akakuta meno ya bandia. Yalikuwa ya mzee mwenyewe, aliyatafuta tangu Pasaka.

Babu, mama anasema barabara ya Kiwira ameiulizia kituo cha mabasi. Ilishatengenezwa. Anauliza tena kwa heshima zote: tuje?

Mjukuu wako,
Ikupa
(kwa mkono wa mama)


Ibighi, Tukuyu
20 Julai 1995

Mchumba wangu,

Hongera kwa jino. Huku ni baridi, ukungu unashuka saa tisa mchana na kukaa mpaka asubuhi, na Marietha amehamishia vifaranga jikoni. Wanunuzi wa kahawa wa binafsi wamefika mpaka Kisondela, kule kwenye shamba letu, na mizani zao na kofia za bure. Zamani chama cha ushirika kilikuja kikitaka, sasa wanakuja watatu siku moja na wanagombana. Nimewauzia yote isipokuwa debe langu mwenyewe. Walipoambiwa kwamba ninainywa, mmoja aliuliza kama ninaumwa.

Mwambie mama yako kwamba Marietha anataka kujua kama yule mzee wa mashine iliyologwa aliyavaa tena yale meno. Anauliza kila siku wakati wa kula. Mimi mwenyewe sina haja ya kujua, ila nijibiwe.

Mchungaji alikuja Alhamisi. Watu wamemwambia kwamba mzee wa kanisa anatoa mvuke jikoni kwake kila alfajiri, na alitaka kujua, kwa upole, kama ni gongo. Nikampitishia kikombe. Nina dirisha dogo ukutani kati ya jiko na sebule, nililijenga kwa kuiga nyumba ya Mwitaliano, sahani zinapita bila mtu kuzunguka. Kahawa ilikuwa na povu zito la rangi ya asali. Mchungaji alikunywa mara moja, akaomba tusali.

Tatizo la sasa ni raba mbili za pistoni, zile za ndani ya kichwa. Zimelika kabisa. Mkono unashuka wenyewe bila nguvu yoyote na maji yanapotea. Aidha kioo cha kuonyesha maji kina ufa. Na mkono nao unalegea.

Kuhusu kuja kwenu, baridi hii haimfai mtoto.

Mimi babu yako,
Andrea


Moshi
27 Agosti 1995

Kwa Mzee Andrea Mwalukasa,

Shikamoo. Anayeandika ni mimi, Sia. Najua haitakiwi. Ikupa ni mzima, ana meno manne, na jambo hili si la kumsemesha mtoto.

Mzee wa meno aliyavaa. Aliyafuta kwenye suruali akayavaa palepale mbele yetu.

Mimi kazi yangu ni kusikia watu wakieleza mashine zao na kujua wapi wanadanganya. Pampu ambayo raba zake za pistoni zimelika haisukumi maji, na mashine yako ni pampu ndogo tu. Mkono unaoshuka bila nguvu hautoi povu. Huwezi kuwa na pistoni iliyokufa, kioo chenye ufa na mkono uliolegea, halafu Alhamisi hiyohiyo ukampa mchungaji kahawa yenye povu zito la rangi ya asali. Ama mashine ni mbovu, ama mchungaji alikunywa. Siamini kwamba umemsingizia mchungaji.

Nimekuuliza mara mbili kama nije. Mara ya kwanza ulinijibu kwa barabara, mara ya pili kwa baridi. Mume wangu alishaniambia jibu tangu zamani, nikamgombeza, nikamwambia mzee anayeandika vile hawezi kuwa na roho hiyo. Nilimgombeza bure. Nilikata zile raba usiku baada ya kazi, mtoto mgongoni. Yale matundu sitini na moja niliyatoboa moja moja. Nilikuwa na furaha kama mjinga.

Kama hunitaki kwa kuwa ni Mchaga, sema. Neno moja linatosha. Nitalia siku moja, nitaendelea na kazi. Lakini usiniagize tena vipuri vya mashine nzima.

Raba za pistoni nimeziweka ndani kwa sababu nilikuwa nimeshazitengeneza. Ndizo za mwisho.

Sia Tuntufye


Ibighi, Tukuyu
5 Novemba 1995

Mchumba wangu Ikupa,

Hii barua nimeianza mara nyingi. Kwanza nilisingizia uchaguzi, nikasema nipige kura kwanza. Nimepiga. Kisha nikasingizia miwani. Marietha ameniambia kwamba kama siandiki ataandika yeye, na yeye hajui kuandika, kwa hiyo nimeona jambo limekuwa zito.

Mama yako ameniandikia mwenyewe. Nimeisoma barua yake nikiwa nimesimama nje, kwa sababu sikujua kama ni halali kuisoma ndani. Naendelea kukuandikia wewe si kwa kumdharau. Ni kwamba siwezi kuyasema haya nikimtazama, hata kwenye karatasi.

Mwambie mama yako raba ya kwanza ilitosha. Tangu mwezi wa tano mashine haijavuja hata tone. Chujio halikuziba, kioo hakina ufa. Alivyovituma vyote viko katika kopo la majani ya chai juu ya kabati, havijafunguliwa kwenye karatasi zake. Nimedanganya, nami ni mzee wa kanisa, na nimeshaungama kwa mchungaji. Alitaka kujua kama kahawa ipo.

Sikumkataa kwa Uchaga wake. Baba yako alilibuni hilo mwenyewe, na mimi kwa kiburi sikumsahihisha, maana sababu ya kweli ilikuwa ya aibu zaidi.

Mama yangu aliolewa akaishi miaka ishirini na minane hatua hamsini kutoka nyumba ya babu yangu, baba mkwe wake. Alimpikia, alimfulia, alimlimia. Babu kila alipotoka nje alikohoa, ili mama asikie na kujificha. Babu alipofariki mama alilia mpaka akaishiwa sauti. Nilikuwa kijana mjinga, nikamwuliza, unamlilia nani, ambaye hata uso wake huujui? Akaniambia, "Nilikuwa nakijua kikohozi chake."

Kwa hiyo mama yako alipoomba kuja, mwanzoni niliahirisha kwa uvivu tu, mke wangu alikuwa mgonjwa, kisha nikawa na msiba. Baadaye zikaanza barua. Tangu mke wangu aondoke hakuna mtu aliyeniuliza jambo akasubiri jibu. Mama yako aliniuliza kama nina hakika maji yanaziba. Alinipa habari ya meno. Aliniambia nikaze mpini kama kifungo cha mtoto, na kila asubuhi ninaukaza hivyo. Nikawaza: siku akifika hapa, ataingia kwa mlango wa nyuma, nitakohoa, atajificha, na mkamwana mwenye maneno haya yote atanyamaza mpaka mmoja wetu azikwe. Huko Moshi ninaye. Akija nitampoteza. Ndiyo sababu mashine iliendelea kuharibika.

Ni ubinafsi, na nimemliza mtu. Namwomba radhi. Mwambie aje. Marietha na wanawake wa ukoo watampokea inavyostahili. Baba yako pia aje, kama anataka.

Mimi babu yako,
Andrea


Moshi
26 Novemba 1995

Babu yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Mama aliisoma barua yako karakanani na kuharibu uzi wa bolti mbili. Nyumbani akampa baba. Baba aliisoma amesimama, akaikunja, akaenda kukata tiketi bila kuvua viatu vya tope.

Tutafika tarehe 16 Desemba kwa basi, Mungu akipenda. Ninatambaa.

Mama anasema lile kopo lisiguswe.

Mjukuu wako,
Ikupa
(kwa mkono wa mama)


Ibighi, sebuleni
17 Desemba 1995, asubuhi

Mchumba wangu,

Ninakuandikia ukiwa magotini pangu, na tayari umeitafuna pembe ya karatasi. Baba yako yuko kwenye kiti cha pili, anasoma gazeti la wiki iliyopita kwa makini sana. Jana alinisalimu, nikaitikia. Leo asubuhi ameniuliza kama shamba la Kisondela limepigwa dawa. Ni mwanzo mzuri.

Nilisikia mlivyopokelewa, vigelegele vilifika mpaka huku nilikofungiwa. Mama yako yuko nyuma ya ukuta huu. Sijamwona wala sitamwona, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Sasa uniwie radhi, maana sijui atakavyoniamini. Jana mlipochelewa niliwasha mashine, niliyoihamishia huku sebuleni kwa kuwa jiko limekuwa la wanawake, nikanywa. Basi halikufika, nikanywa tena. Nilikunywa mara sita. Mara ya saba mkono ulishuka wenyewe mpaka chini bila nguvu yoyote, na maji yote yakapita juu ya pistoni na kunimwagikia. Shati lilikuwa la Jumapili.

Mashine imepitishwa jikoni kwa dirisha. Mwambie mama yako inavuja. Naapa.

Babu


Ibighi, jikoni
17 Desemba 1995

Babu,

Mwagonile. Bibi Marietha amemfundisha mama neno hilo la salamu na kulisahihisha mara nne.

Mama amefungua kichwa cha mashine mbele ya wanawake saba, ambao wamekubaliana kwamba ni pampu. Unasema kweli. Raba za pistoni zimekwisha, zimekatika kabisa. Mama ameshusha kopo, amekuta kila kitu kilivyofungwa, hata uzi aliofungia haujafunguliwa. Alikaa kidogo juu ya gunia la mahindi. Kisha akaweka raba mpya za pistoni, akabadilisha na ile ya kichwani, na lile chujio la matundu sitini na moja, ingawa la zamani lilikuwa zima. Anasema alilitoboa litumike.

Kahawa hii hapa dirishani. Ni ya kwanza kutoka. Ya pili anakunywa yeye. Kwao wanalima kahawa tangu babu zao, na hajawahi kuionja hivi.

Mama anaomba radhi kwa jambo moja. Leo alfajiri ulipotoka chumbani ukakohoa, alidhani ni salamu. Akajibu. Bibi Marietha amemkemea mbele ya watu, akasema tangu dunia iumbwe mkamwana hajibu kikohozi cha baba mkwe, anakimbia. Mama hakujua. Hatarudia.

Ikupa
(kwa mkono wa mama)


Ibighi, sebuleni
17 Desemba 1995

Mchumba wangu,

Kahawa nimeipokea. Ni ya moto, na haina ladha ya kandambili.

Yale ya alfajiri nami niliyasikia. Nilikohoa kama babu yangu, nikasimama nimngoje mtu akimbie. Kutoka jikoni mtu akakohoa. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu. Mama yangu aliishi miaka ishirini na minane na hakujibu hata mara moja, wala babu hakujua kama kuna mtu anayesikia.

Mwambie mama yako kwamba Marietha ni dada yangu mdogo na hii ni nyumba yangu.

Mwambie akohoe tena.

Babu